Sanamu Katika Nyumba ya Baniani

Katika mazungumzo yetu ya leo twapenda kueleza habari ya kitu kidogo ambacho wengi wetu tumekiona kwa kupita tu, tukakitupia jicho na kwenda zetu. Kitu hicho ni sanamu ya mungu iwekwayo nyumbani, au nyuma ya duka, na jirani zetu wafuatao dini ya Kihindu. Twataka kujua ilitoka wapi, ilivukaje bahari, ilifikaje huku milimani kwetu, na wenyewe huitendea nini kila siku. Tena twataka kuonyesha jinsi kutojua habari hii kunavyoweza kuleta madhara.

Tuanze na jambo lililotupata sisi wenyewe. Siku moja tulitoka chuoni pamoja na wanafunzi wachache wa ualimu, tukaenda Mwanjelwa kununua madaftari na kitambaa. Mwanjelwa, kama wajuavyo watu wa Mbeya, ni mahali pa soko kubwa kando ya barabara kuu iendayo Zambia. Soko hilo liliungua moto mwaka 2006, likajengwa jingine, na biashara haikukoma. Tukaingia katika duka la mzee mmoja wa Kihindu. Nyuma ya meza yake palikuwa na rafu ndogo iliyopakwa rangi nyekundu, na juu yake sanamu ya shaba isiyozidi kiganja cha mkono, mfano wa mtoto mchanga atambaaye. Mbele yake ilikuwapo taa ndogo yenye utambi, maua mawili matatu, na kipande cha sukari guru katika kisahani. Ukutani palitundikwa picha ya mwanamke aliyesimama juu ya ua la yungiyungi.

Mmoja wa wanafunzi wetu akamnong'oneza mwenzake, "Tazama, ile ndiyo ndagu yao. Ndiyo iletayo fedha."

Wasikilizaji wa pwani huenda hawalijui neno hili. Katika sehemu zetu ndagu ni uchawi ambao yasemwa mtu huutumia ili apate mali, naye hulipa kwa jambo baya, pengine hata kwa uhai wa ndugu yake. Si neno la mzaha. Mtu akiisha kudhaniwa kuwa na ndagu, watoto wake hutengwa, na mali yake huonekana kuwa halali ya kuporwa.

Mzee yule alisikia. Alikaa kimya kidogo, kisha akasema, "Mwanangu, mimi nimezaliwa Iringa, nimekulia hapa Mbeya, neno ulilosema nalijua. Kama sanamu hii ingeleta fedha, je, ningekuwa bado nasimama nyuma ya meza hii tangu asubuhi hata jioni, na miguu yaniuma?"

Kijana akaona haya, akainamisha kichwa, akasema, "Nisamehe, mzee." Mzee akamjibu, "Nimekusamehe. Lakini usiondoke hivi hivi. Uliza, nami nitakujibu." Tukakaa pale karibu saa nzima. Tuliporudi chuoni tuliona kwamba sisi walimu nasi tulikuwa na mengi ya kujifunza, tukaingia katika vitabu vya historia. Hayo tuliyoyapata ndiyo tutakayowaeleza.

Kwanza tuyatenge majina. Mhindi ni mtu ambaye asili yake ni Bara Hindi, naye aweza kuwa Mwislamu, Mkristo, Singasinga, au mfuasi wa dini nyingine. Yule afuataye dini ya Kihindu, wazee wa pwani walimwita Baniani, kwa jina la tabaka la wafanya biashara wa huko kwao. Jina hilo limeingia hata katika methali yetu isemayo, "Baniani mbaya, kiatu chake dawa." Methali hii yatuaibisha kidogo sisi wenyewe, kwa kuwa yamtaja mtu anayechukiwa, ambaye hata hivyo vitu vyake vyatakiwa. Singasinga, ijapokuwa ametoka nchi ile ile, haabudu sanamu. Na Wahindi wengi tuwaonao katika miji yetu ni Waislamu, ambao sanamu kwao ni haramu. Basi tusiwachanganye wote kama nafaka katika gunia moja.

Sasa turudi nyuma sana, mpaka mwaka 1498. Mwezi wa Aprili mwaka huo Vasco da Gama, Mreno, alitia nanga Mombasa akiwa katika safari ya kutafuta njia ya kwenda Bara Hindi. Akawatuma watu wawili mjini kumwona mfalme. Watu hao walipelekwa pia katika nyumba ya wafanya biashara wawili wageni, nao wakaonyeshwa karatasi yenye picha ambayo wenye nyumba waliiabudu. Wareno wakadhani kwamba picha hiyo ni ya Roho Mtakatifu, na kwamba wenyeji wao ni Wakristo. Wataalamu waliochunguza habari hiyo baadaye wameona kuwa yaelekea watu wale walikuwa Wahindu, na picha ile ilikuwa ya mmoja wa miungu yao. Kama ndivyo, basi zaidi ya miaka 500 iliyopita, katika nyumba ya Mombasa, palikuwapo picha ya mungu wa Kihindu iliyowekwa nyumbani na kuabudiwa.

Siku chache baadaye Wareno walifika Malindi. Huko walikuta merikebu za Wahindi, na watu wake walikuwa na nywele ndefu za kusuka, wakasema hawali nyama ya ng'ombe. Walipopanda katika merikebu ya Wareno walionyeshwa picha ya Bikira Mariamu chini ya msalaba, amemshika Yesu mikononi. Wahindi wale wakaanguka kifudifudi mbele yake, na siku zote Wareno walipokuwapo pale walikuja kusali, wakileta sadaka ya karafuu na pilipili. Wareno wakazidi kuamini kuwa hawa ni ndugu zao katika imani. Mwezi uliofuata, walipofika Calicut katika Bara Hindi, wao nao waliingia katika hekalu la Kihindu wakidhani ni kanisa, wakapiga magoti, ijapokuwa baadhi ya picha za ukutani zilikuwa na watu wenye mikono minne au mitano.

Twaweza kucheka, lakini tutazame mwisho wake. Kosa la Wareno lilipofunuka, mapenzi yao yaligeuka. Katika visiwa vya Goa, walivyovitawala, mahekalu yalivunjwa kuanzia mwaka 1540, na jamaa nyingi za Kihindu zilichukua sanamu zao na kuvuka mto kwenda sehemu zisizotawaliwa na Wareno. Watu walewale waliopiga magoti mwaka 1498 kwa kutojua, wajukuu wao walivunja kwa nguvu. Mara zote mbili hawakumwuliza mwenye nyumba, "Wewe mwenyewe wasemaje juu ya kitu hiki?"

Tuje sasa Unguja. Katika karne ya 19, Sayyid Said bin Sultan wa Omani alipouhamishia utawala wake Unguja, aliwakaribisha sana wafanya biashara wa Kihindi, akawaacha wafuate dini zao bila ya kuwaudhi. Miongoni mwao walikuwako Wabhatia, Wahindu waliotoka Kachi, hasa katika bandari ya Mandvi. Nyumba ya biashara ya Jairam Shivji ilikodishwa forodha yote ya Unguja kwa miaka mingi. Burton na Speke walipofunga safari yao ya bara mwaka 1857, mkubwa wa forodha alikuwa Ladha Damji, mtu wa nyumba hiyo hiyo. Mabaniani hao walikuja na majahazi kwa upepo wa kaskazi, na wengi wao kwa muda mrefu hawakuleta wake zao, kwa kuwa kuvuka bahari kulihesabiwa kuwa kunamtia mtu unajisi. Walikaa wanaume watupu, wakapika wenyewe chakula kisicho na nyama, na ibada yao ilikuwa ya chumbani. Hapo twaona faida ya dini iwezayo kufanyika nyumbani. Mtu aliye mbali na hekalu na kuhani, aweza kuamka alfajiri, akaoga, akawasha taa, akasali mbele ya sanamu ndogo aliyoifunga katika nguo zake tangu kwao.

Wabhatia wengi, na Walohana wengi pia, hufuata mafundisho ya Vallabha, mwalimu aliyeishi tangu mwaka 1479 hata 1531. Hao humwabudu Mungu kwa jina la Krishna, na hasa Krishna akiwa mtoto. Sanamu yake hutumikiwa kama mtoto wa nyumbani. Asubuhi huamshwa kwa sauti ya upole, huogeshwa, huvikwa nguo za kufaa majira, za nzito wakati wa baridi na nyepesi wakati wa joto. Hupewa chakula, hupumzishwa mchana, na usiku hulazwa. Sanamu iliyo kubwa kwao kuliko zote iko Nathdwara, katika Bara Hindi. Mwaka 1669, wakati wa mfalme Aurangzeb, iliondolewa mahali pake pa zamani kwa kuogopa kuvunjwa, ikachukuliwa kwa gari la ng'ombe, ikawekwa pale ilipo sasa mwaka 1672. Basi Wahindu hawa walikuwa wameisha kuzoea wazo la mungu asafiriye pamoja na watu wake.

Mzee wetu wa Mwanjelwa alituambia kwamba ile sanamu yake ya mtoto ndiyo hiyo, Krishna mwenye kutambaa, ameshika tonge la siagi mkononi. Bibi yake aliileta kutoka Kathiawar. Alivuka nayo bahari mpaka Dar es Salaam, akaenda nayo Iringa, na baadaye akapanda nayo lori kuja Mbeya, akiipakata mapajani njia nzima, imefungwa katika kitambaa cha hariri. "Mizigo mingine ilikaa nyuma pamoja na magunia," akasema, "lakini mtoto hasafirishwi na magunia."

Na ile picha ya ukutani? Picha za namna ile zina historia yake. Zamani sanamu nzuri ya mawe au ya shaba ilikuwa ghali, na katika Bara Hindi watu wa tabaka za chini walikatazwa kuingia katika mahekalu mengi. Mwaka 1894 mchoraji mashuhuri, Raja Ravi Varma, alianzisha kiwanda cha kupiga chapa picha za rangi mjini Bombay. Picha za Lakshmi, mungu wa neema, na Saraswati, mungu wa elimu, zikauzwa kwa bei ndogo, zikaingia katika nyumba za matajiri na za maskini. Picha ni nyepesi, haivunjiki, yakunjwa na kutiwa sandukuni. Kwa hiyo ilimfaa sana msafiri wa kuja Afrika.

Wahindi waliingiaje bara? Wengi hudhani wote walikuja kujenga reli. Ni kweli kwamba kati ya mwaka 1896 na 1901 watu wapatao 32,000 waliletwa kutoka Bara Hindi kujenga reli ya kutoka Mombasa hata ziwa Viktoria. Lakini walio wengi walirudi kwao. Wenye maduka, hasa wa Gujarati na Kachi, walikuja kwa nauli zao wenyewe, kijana akimfuata mjomba wake, na ndugu akimfuata ndugu. Mbeya ulipoanzishwa mwaka 1927, wakati wa dhahabu ya Lupa, wenye maduka walifuata barabara itokayo Dodoma na Iringa, wakauza merikani, kaniki, chumvi, majembe na mafuta ya taa. Hivyo ndivyo sanamu zilivyopanda mpaka chini ya mlima Loleza.

Hapa yatupasa kulijibu lile neno la ndagu. Mali ya wenye maduka ilitoka wapi, kama haikutoka kwa sanamu? Jibu la kwanza ni mkopo. Mwenye duka dogo alipewa bidhaa na mfanya biashara mkubwa wa Dar es Salaam, pengine mtu wa ukoo wake au wa kijiji chake, akalipa baada ya kuuza. Jibu la pili ni kazi ya jamaa nzima, mume, mke na watoto, bila mshahara. La tatu ni hesabu iliyoandikwa kila siku. Na jibu la nne wengi hawalijui: katika Tanganyika ilikuwako sheria ya mwaka 1931 iliyozuia kuwakopesha Waafrika, kwa kuwa mkopeshaji aliyempa Mwafrika mali bila ya kibali hakuweza kumdai barazani. Serikali ilisema inamlinda Mwafrika na deni. Lakini mfungie mtu mlango wa mkopo, kisha umwambie afungue duka, ataliwekea nini? Basi yule aliyetazama duka la jirani limejaa na lake tupu, alikuwa na haki ya kuuliza sababu. Ila sababu haikuwa juu ya rafu nyekundu. Ilikuwa katika daftari na katika sheria. Wala hatusemi kwamba wenye maduka wote walikuwa waaminifu. Walikuwako waliopunja mizani, kama walivyo watu wa kila kabila. Lakini mizani ya uongo hushitakiwa kwa jina lake, wala haiitwi uchawi.

Hata hivyo ni kweli kwamba Wahindu huyaleta mambo ya biashara mbele ya miungu yao. Katika sikukuu ya Diwali, iangukayo mwezi wa Oktoba au Novemba katika usiku wa giza usio na mwezi, huwasha taa nyingi nyumbani, na wafanya biashara wa Gujarati huleta vitabu vyao vipya vya hesabu mbele ya Lakshmi na Ganesh, yule mwenye kichwa cha tembo, waviombee baraka. Katika ukurasa wa kwanza huandika maneno ya kutaka heri na faida. Mkulima wetu apelekaye mbegu zake kanisani zikaombewe kabla ya kupanda hawezi kushangaa. Na kama vile maombi hayo hayamwondolei mkulima kazi ya palizi, ndivyo na Diwali isivyomwondolea mwenye duka kazi ya kuhesabu.

Ibada ya kila siku yaitwa puja. Mtu huoga kwanza, huvua viatu, huwasha taa ya samli na vijiti vya udi, hugonga kengele ndogo. Katika mpango kamili wa zamani yako mambo 16, nayo yote ni adabu za kumpokea mgeni mheshimiwa: hukaribishwa, hupewa kiti, maji ya kunawa miguu, maji ya kunywa, nguo, manukato, maua, taa, chakula, na mwisho huagwa. Katika nyumba nyingi hufanywa machache tu, na mara nyingi mwenye kuyafanya ni mama. Nyumbani huweza kuwako pia mmea wa tulsi, ambao ni ndugu wa mrehani wetu. Chakula kilichotolewa mbele ya sanamu hugawiwa watu kama baraka, nacho huitwa prasad. Sanamu ikivunjika, haiabudiwi tena. Huchukuliwa kwa heshima ikatiwa majini. Tena zipo sanamu za Ganesh zifanywazo kwa udongo kwa ajili ya sikukuu yake tu, na sikukuu ikiisha hutiwa mtoni au baharini zikayeyuka.

Jambo hili la mwisho latupa swali. Kama sanamu ndiyo mungu, wawezaje kumtupa majini? Hapo Wahindu wenyewe hawana jibu moja. Wengine husema Mungu ni mmoja asiye na umbo, na sanamu ni kama kiti akaribishwacho ili moyo wa mtu upate mahali pa kutazama. Wafuasi wa Vallabha hawakubali kwamba ni kiti tu. Kwao Krishna mwenyewe yupo katika sanamu ile kwa hiari yake, kwa ajili ya mapenzi ya watu wake. Na wengine hukataa kabisa. Mwaka 1824 alizaliwa katika Kathiawar mtoto ambaye baadaye aliitwa Dayananda Saraswati. Alipokuwa kijana alikesha usiku wa Shiva katika hekalu, akaona panya amepanda juu ya sanamu, anakula sadaka iliyowekwa pale. Akawaza moyoni, mungu asiyeweza kumfukuza panya, atailindaje dunia? Mwaka 1875 alianzisha Arya Samaj mjini Bombay, chama cha Wahindu wasioabudu sanamu, wasalio mbele ya moto. Chama hicho kilifika Nairobi mwaka 1903, na baadaye miji mingine ya Afrika ya Mashariki. Kwa hiyo hata katika mtaa mmoja wa Wahindu, nyumba moja ilikuwa na sanamu, na ya pili haikuwa nayo, nao wakashindana kwa maneno kama vile Wakristo walivyoshindana juu ya sanamu makanisani katika karne ya nane na ya tisa, na tena wakati wa Luther.

Sasa tuseme habari za miaka ya karibu. Baada ya mapinduzi ya Unguja, mwezi wa Januari 1964, Wahindi wengi waliondoka kisiwani. Mwaka 1971 serikali ya Tanzania ilitaifisha majengo ya kupangisha yenye thamani iliyozidi shilingi 100,000, na wengi wa waliokuwa na majengo hayo walikuwa Wahindi; wengi wakahama. Mwaka 1972 Idi Amin aliwapa Wahindi wa Uganda siku 90 waondoke, na zaidi ya 27,000 walipokewa Uingereza. Watu wa namna hiyo hufunga mizigo kwa haraka, na sanamu ndogo iliyovuka bahari mara moja ilivuka tena, safari hii kwa ndege. Huko ugenini walianza upya kama babu zao walivyoanza Unguja, yaani kwa rafu ya chumbani. Wafuasi wa Swaminarayan, ambao wengi wao walitoka Afrika ya Mashariki, walifungua hekalu lao la kwanza la London mwaka 1970 katika jengo lililokuwa kanisa, na mwaka 1995 wakafungua hekalu kubwa la marumaru pale Neasden.

Mzee wa Mwanjelwa alikuwa miongoni mwa waliobaki. Tulimwuliza kwa nini. Akasema, "Ndugu zangu wamekwenda Leicester. Kila mwaka waniita. Lakini mama yangu alichomwa hapa, na majivu yake tumeyatia katika mto wa hapa. Niende wapi?"

Wasikilizaji, sisi wa Nyanda za Juu hatukosi mambo ya kutufanya tuwaelewe watu hawa. Wazee wa Unyakyusa walikuwa na kichaka kitakatifu cha Lubaga, mahali pa Lwembe, wakaenda huko kuomba mvua. Walipofika wamisionari Rungwe mwaka 1891, mahali kama hapo waliona giza tupu, na hawakuuliza sana. Na Wahehe je? Fuvu la kichwa cha Mkwawa, aliyekufa mwaka 1898, lilichukuliwa na Wadachi. Likatajwa hata katika mapatano ya Versailles ya mwaka 1919, likarudishwa mwaka 1954, nalo limewekwa Kalenga karibu na Iringa. Mgeni angeweza kusema, "Hilo ni mfupa tu." Mhehe hawezi kusema hivyo. Hatusemi kwamba fuvu la Mkwawa laabudiwa kama Krishna, wala hatusemi kwamba dini zote ni moja. Twasema tu kwamba kila jamaa ya watu ina kitu ambacho mgeni akikitazama kwa jicho la haraka hawezi kukiona.

Na sasa tumalize lile jambo la dukani. Tulipotaka kuondoka, mzee alichukua kile kisahani cha sukari guru, akatugawia. Wengine walipokea. Yule kijana aliyesema neno la ndagu alisita, kisha akasema kwa adabu, akiinama kidogo, "Mzee, asante sana. Lakini imani yangu hainiruhusu kula kilichotolewa mbele ya sanamu. Usidhani nakudharau."

Sisi walimu tuliogopa kwamba mzee ataudhika. Lakini alitabasamu, akafungua kopo jingine chini ya meza, akatoa peremende za kuuza. "Hizi hazikuwekwa mbele ya mtu," akasema. "Chukua, mwanangu. Mara ya kwanza ulisema nyuma ya mgongo wangu, sasa umesema mbele ya uso wangu. Mimi nimefurahi." Kijana akapokea kwa mikono miwili.

Njiani kijana yule hakusema neno mpaka tulipofika Mafiati. Ndipo akatuuliza kama twaweza kumruhusu awasimulie wenzake wa darasa, maana alisema hakuwa peke yake aliyeamini habari ile ya ndagu. Tulimruhusu, naye alisimulia, hata mahali pa aibu yake hakupaficha.

Wanafunzi mtakaokisoma kijitabu hiki, jaribuni kujibu maswali haya pamoja na mwalimu wenu. Kwanza, Wareno walikosea nini Mombasa na Malindi mwaka 1498? Pili, tajeni sababu tatu zilizowawezesha wenye maduka wa Kihindi kufanikiwa katika bara. Tatu, waulizeni wazee wenu ni kitu gani katika ukoo wenu kilichotunzwa kwa heshima, kilitoka wapi, na nani alikibeba. Andikeni majibu ya wazee kabla hawajatutoka.